Swichi za Kiwalani

Mabishano ya skrini na vitufe yamerudi, safari hii kwenye magari. Euro NCAP, shirika la Ulaya linalopima usalama wa magari mapya, mwaka huu wa 2026 limeanza kuyabana magari ambayo dereva wake hana swichi ya kushika kwa mambo ya msingi: indiketa, taa za hatari, honi, waipa na simu ya dharura. Gari lililofukia hayo yote ndani ya skrini litapata taabu kuzifikia nyota tano. Hapa Dar es Salaam habari hiyo imepokewa kwa namna mbili. Vijana wanaoagiza magari kwa simu wanaona Wazungu wamezeeka. Madereva wa teksi wa siku nyingi wanasema, tuliwaambia.

Mimi nimejikuta upande wa madereva, na sababu yangu haitokani na gari, maana sina hata pikipiki. Inatokana na chumba cha nyuma nyumbani kwangu Kiwalani, ambako kwa miaka kadhaa, jioni baada ya kusahihisha madaftari, nilikuwa natengeneza paneli za chumba cha rubani cha Boeing 737. Ndege yenyewe haikuwapo. Kulikuwa na kompyuta, skrini, programu ya kurushia ndege na kiti kilichong'olewa kwenye Hiace, na kuzunguka kiti hicho nilitaka swichi za kweli, zenye maandishi yanayowaka kutoka ndani.

Anayekaa Kiwalani hahitaji kuelezwa ugonjwa huu unakotoka. Uwanja wa ndege ni jirani yetu. Watoto wa mtaani kwetu wanaitambua ndege kwa mngurumo kabla haijatokea juu ya mabati, na mimi nilikuwa mmoja wao kabla sijawa mwalimu wa fizikia. Nilichagua 737 kwa sababu moja ya kiufundi. Iliruka mara ya kwanza Aprili 1967, na tangu wakati huo watengenezaji wake wamejitahidi paneli ya juu, ile iliyo kichwani mwa marubani, isibadilike sana, ili rubani wa toleo moja aweze kurusha toleo jingine bila kurudi darasani kwa muda mrefu. Air Tanzania ilikuwa na 737-200 miaka ile ya mwanzo, na leo ina 737 MAX 9. Ukitengeneza paneli hiyo umetengeneza kitu ambacho baba na mwana, wote wakiwa marubani, wangekikalia bila kuulizana.

Paneli yangu ya kwanza ilikuwa ya karatasi. Nilichapa mpangilio wote, nikaubandika kwenye plaiwudi, nikatoboa, nikapachika swichi za Kariakoo. Mchana ilipendeza. Usiku ndipo matatizo yalipoanza. Nikiwasha taa ya darini, mwanga wake unapiga kwenye skrini na giza la nje ya ndege linageuka kijivu. Taa za njia ya kurukia zinafifia. Nikiizima, nje kunakuwa usiku mzuri kabisa, lakini sioni nimeshika nini. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini watu wanahangaika na maandishi yanayowaka. Rubani wa usiku anatakiwa kuona mahali pawili palipo na mahitaji yanayogombana: ndani, ambako kuna maandishi madogo, na nje, ambako kuna giza lenye vitu vichache vya kuokoa maisha. Jicho huchukua karibu nusu saa kulizoea giza vizuri, na mwanga mkali wa sekunde chache unatosha kulirudisha mwanzo.

Siku hizo jirani yangu alikuwa mzee mmoja aliyewahi kuwa fundi wa umeme wa ndege katika Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, East African Airways, hadi lilipovunjika mwaka 1977. Alikuwa amezifanyia kazi Comet na Super VC10 huko Embakasi, na alikuwa na desturi ya kutozungumzia jambo hilo mpaka aulizwe. Mwanangu ndiye aliyemleta, akimwambia kwamba baba ana ndege chumbani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Iko wapi hiyo ndege?"

Aliitazama plaiwudi kwa muda, akapapasa karatasi kwa kidole gumba. "Umepanga vizuri," akasema. "Lakini karatasi haiwaki."

Akakaa kwenye kiti cha Hiace akanieleza. Paneli ya ndege ni kipande cha plastiki angavu. Juu yake inapakwa rangi nyeupe, nyembamba kiasi cha kupitisha mwanga. Juu ya nyeupe inapakwa rangi ya kuziba, ya kijivu au nyeusi. Kisha herufi zinachongwa kwa kuiondoa rangi ya juu peke yake, na mchongaji anaishia kwenye nyeupe. Ndani ya plastiki, au nyuma yake, vinakaa vibalbu vidogo vya volti 5. Mchana mwanga wa dirishani unaipiga ile nyeupe kutoka mbele, nayo inasomeka. Usiku vibalbu vinaipiga kutoka nyuma, nayo inasomeka vilevile. Herufi ni ileile, mahali ni palepale, na hakuna kitu kilichoongezwa juu ya uso wa paneli. Marekani waliuandikia mpango huo kanuni ya kijeshi, MIL-P-7788, na mafundi wa dunia nzima wakaufuata.

Nilifundisha mwanga kwa miaka mingi, na sikuwahi kukutana na maelezo ya namna hiyo katika kitabu chochote cha shule. Vitabu vyetu vina mishumaa na vioo. Mwanga unaotumiwa na mtu aliye kazini, ambaye hana nafasi ya kuushangaa, haumo.

Kuchonga herufi kulinipeleka Kariakoo, kwenye kichochoro wanakotengeneza mihuri, vikombe vya mashindano na vibao vya milango ya ofisi. Kijana mmoja alikuwa na mashine ya leza ya Kichina juu ya meza, bomba la moshi limetolewa dirishani. Siku zote alikuwa akichonga MKURUGENZI na HONGERA BABA NA MAMA. Nilipompa mchoro wenye FUEL PUMPS na ANTI-ICE, herufi za milimita tatu, aliuliza kama nafungua shirika.

Nilikuwa nimemletea kipande cha plastiki nyeupe nilichokipata rahisi kwa watengeneza mabango. Hakukiweka kwenye mashine. Alichukua waya wa shaba, akaupasha kwa kiberiti cha gesi mpaka ukawa mwekundu, akaugusisha kwenye plastiki, akaurudisha motoni. Moto ukawa wa kijani kibichi. Akanirudishia kipande changu.

"Hii ni PVC, mwalimu. Ikiingia humu inatoa gesi inayokula chuma. Reli zinaota kutu, lenzi inaharibika, na mimi nakohoa mwezi mzima."

Alichokifanya kinaitwa kipimo cha Beilstein, na kinaonyesha kuwepo kwa klorini. Gesi yenyewe ni hidrojeni kloridi, ambayo ikikutana na unyevu wa hewa inakuwa asidi. Vitabu vya kemia vinacho. Yeye hakukipata vitabuni, alikipata kwa fundi mwenzake ambaye mashine yake ilikwisha kwa njia hiyo. Niliporudi shuleni niliomba waya wa shaba maabara na kukifanya mbele ya darasa, na sikumbuki kipindi kingine ambacho wanafunzi wa nyuma walisimama kwa hiari yao.

Kijana huyo ndiye aliyenifundisha pia kwamba akriliki ziko za aina mbili. Kuna ya kumiminwa, ambayo leza ikiigusa inaacha alama nyeupe safi, na kuna ya kusukumwa kiwandani kwa mashine, ambayo inayeyuka na kunata kingoni. Kwa macho hazitofautiani. Kwa bei zinatofautiana, na muuzaji atakupa ya rahisi kwa bei ya ile ghali usipouliza. Na alinipa onyo jingine ambalo nimelipitisha kwa kila mtu aliyeniuliza tangu hapo: ukimaliza kuchonga, ondoa masizi kwa mswaki wa zamani na maji ya sabuni. Spiriti hapana. Akriliki iliyokatwa kwa leza inabaki na mkazo ndani ya kingo zake, na spiriti ikiifikia inatoa nyufa nyembamba zinazotambaa kutoka kila tundu la swichi. Jioni inakuwa nzima, asubuhi imechanika.

Rangi nilipaka mwenyewe, barazani, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu watu wengi wanadhani kazi ya paneli ya taa ni kuwasha. Kuwasha ni rahisi. Mkanda wa LED wa volti 12 unauzwa kwa mita, una alama za mkasi kila baada ya LED tatu, unakata, unaunga waya mbili kwa risasi, kumekucha. Kilichonila miezi ni kuziba. Kijivu peke yake hakizibi; kiweke mbele ya balbu utaona paneli nzima ina rangi ya maziwa yaliyochujuka. Lazima kuwe na nyeusi chini yake. Nyeupe ikiwa nene, herufi zinafifia. Ikiwa nyembamba, unaona mwanga mkali katikati ya neno na giza pembeni. Chembe moja ya vumbi ikitua kabla rangi haijakauka, kesho ukiibandua inaacha tundu la sindano, na usiku tundu hilo linakuwa nyota. Wakati wa masika rangi ya kupuliza inafanya ukungu kwa unyevu, kwa hiyo nilijifunza kusubiri saa za adhuhuri jua likiwaka. Kila paneli niliishika mbele ya balbu na kuhesabu nyota zake, kisha nikaziziba moja moja kwa brashi ya kuchorea kucha, ambayo mke wangu aliacha kuidai.

Ukikaa na kazi hiyo kwa muda mrefu unaanza kuziona taa nyingine kwa jicho la lawama. Unaona bango la benki linalomwaga mwanga mpaka chumba cha kulala cha mtu. Unaona dashibodi ya basi la mkoani yenye taa ya buluu inayomchoma dereva usoni saa nane usiku, na kitambaa alichotundika mwenyewe kuifunika.

Tatizo la mwanga usio sawa lilitatuliwa darasani. LED zikikaa nyuma ya paneli moja kwa moja, kila moja inachora duara lake. Dawa ni kuziweka pembeni, zichome mwanga kwenye ukingo wa akriliki. Mwanga ukiingia kwa ukingo unasafiri ndani kwa kugongagonga, kwa sababu miali inayoupiga uso wa ndani kwa pembe inayozidi digrii 42 hivi haiwezi kutoka hewani; inarudishwa ndani yote. Mada hiyo iko katika silabasi. Nilikwenda na paneli moja kidato cha tatu, nikaiwasha, nikaeleza, nikajisikia vizuri. Msichana mmoja wa mbele akanyoosha mkono.

"Mwalimu, kama mwanga umenaswa ndani, kwa nini unatoka kwenye herufi?"

Ni swali zuri kuliko maelezo yangu yote. Jibu ni kwamba rangi nyeupe imeshikamana na plastiki, haina hewa katikati, na chembe zake zinautawanya mwanga kila upande. Sehemu ya miali iliyotawanywa inatoka mbele kupitia herufi, nyingine inarudi ndani kuendelea na safari. Kwa hiyo penye nyeupe ndipo mwanga unapovuja. Ilibidi nikubaliane na maana yake: nyeupe iliyo mbali na LED inapata kidogo, nyeupe iliyo karibu inapata mwingi, na njia ya kusawazisha ni kuukwaruza mgongo wa paneli kwa msasa, kidogo karibu na taa na zaidi kadiri unavyokwenda mbali. Msichana yule na wenzake wawili walikuja Jumamosi kunisaidia kukwaruza. Walikuwa na mikono mitulivu kuliko yangu.

Taa zilipowaka vizuri nilimwita mzee. Nilikuwa nimetumia LED nyeupe za kawaida, zile zenye ubuluu. Alisimama mlangoni.

"Mwalimu, umeweka ukumbi wa harusi."

Akaniambia nizime kila kitu, nikae. Usiku huo ulikuwa wa mgao, mtaa mzima giza, mimi nikiwa na betri ya sola. Tulikaa tukizungumza gizani, mke wangu akatuletea chai kwa kupapasa, na baada ya nusu saa hivi mzee akasema, haya, washa, lakini kwa kiasi kidogo kabisa. Nilizungusha nobu kutoka sifuri. Herufi zilitokea zikiwa bado hazijafika hata robo ya nilipozoea kuziweka, na zilisomeka zote. Nilipojaribu kuongeza, mzee alinishika mkono.

Somo la rangi lilifuata hapohapo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili marubani wengi waliwekewa taa nyekundu, kwa sababu chembe za jicho zinazoona gizani hazishtushwi na wekundu. Baadaye yakaonekana matatizo yake: mstari mwekundu kwenye ramani unatoweka chini ya taa nyekundu, na macho ya mtu aliyevuka miaka arobaini yanahangaika kusoma karibu kwa mwanga huo. Ndege za abiria zikahamia nyeupe iliyofifishwa. Lakini nyeupe hiyo ilikuwa ya balbu ya waya, yenye umanjano wa moto, na balbu ya waya ukiipunguza inazidi kuwa nyekundu. LED haifanyi hivyo. Ukiipunguza inabaki na rangi yake, kwa sababu kinachopunguzwa ni muda wa kuwaka, inazimwa na kuwashwa mamia ya mara kwa sekunde. Nilibadilisha mikanda yote, nikaweka ya mwanga wa njano, kelvini 3000. Mzee aliporudi hakusema neno juu ya rangi, na kwa tabia yake hayo yalikuwa maneno mengi.

Kuna watu watakaosema huu ni mchezo wa mtu mzima. Ni kweli ni mchezo, na sina haja ya kuutetea sana, isipokuwa kwa kukumbusha simyuleta ya kwanza iliyofanikiwa ilikotoka. Edwin Link aliitengeneza mwishoni mwa miaka ya 1920 huko Binghamton, jimbo la New York, ndani ya kiwanda cha baba yake cha piano na vinanda vya kanisani, kwa kutumia mivukuto ya vinanda hivyo kuinamisha sanduku lenye kiti. Mwanzoni waliomnunulia zaidi ni viwanja vya burudani. Mwaka 1934 jeshi la Marekani lilipopewa kazi ya kusafirisha barua kwa ndege, marubani kadhaa wakafa kwa kuruka usiku na mawinguni wasikoona kitu, ndipo likanunua sita.

Siku ninayoifikiria zaidi nikisikia habari za Euro NCAP ni ile ambayo mzee aliomba kuikalia paneli ya juu peke yake. Wakati huo ilikuwa karibu kamili. Alivua miwani, akaiweka mfukoni. Mtoto wa jicho ulikuwa umemwanza, na nilidhani anataka kuipangusa. Akainua mkono juu ya kichwa, akaanza kupita swichi moja baada ya nyingine akizitaja. Zenye kifuniko alizitambua kwa kifuniko. Nobu ya kuzungusha aliitofautisha na swichi ya kuinua kwa kucha. Alipofika kwenye safu ya pampu za mafuta alisimama.

"Hizi zote umezinunua za namna moja."

"Zote ni pampu, mzee."

"Ndiyo. Ila hii ya mwisho umeiweka karibu na jirani yake mno. Mkono wenye glavu utazichukua mbili."

Alikuwa sahihi kwa milimita chache. Mimi nilikuwa nimeiangalia paneli ile kila siku kwa macho na nikaridhika nayo. Mzee hakuwahi kufanya kazi kwenye 737. Alichokuwa anakipima ni kama vidole vinapata habari za kutosha bila msaada wa taa zangu nzuri. Nilitoboa upya.

Jambo hilo watu wamelilipia kwa bei kubwa. Mwaka 1943 mwanasaikolojia kijana wa jeshi la anga la Marekani, Alphonse Chapanis, aliulizwa kwa nini marubani wazoefu wa B-17, wakishatua salama, walikuwa wanakunja magurudumu na kulalisha ndege kwa tumbo. Alikuta kwamba swichi ya magurudumu na ya mabawa madogo zilikaa jirani na zilifanana kwa kushika. Akapachika kigurudumu cha mpira kwenye moja na kipande chenye umbo la kabari kwenye nyingine. Ajali za namna ile zikakoma. Hadi leo ukiingia kwenye ndege ya abiria, mkono wa magurudumu una kichwa cha duara kama gurudumu. Sheria za anga zinataja umbo lake.

Na karne hii limelipiwa tena. Agosti 2017 manowari ya Marekani USS John S. McCain iligongana na meli ya mafuta karibu na Singapore, mabaharia kumi wakafa. Wachunguzi walikuta mambo mengi, uchovu na mafunzo hafifu vikiwamo, lakini mojawapo lilikuwa skrini ya kugusa: mabaharia walihamisha usukani na mwendo kutoka meza moja kwenda nyingine bila kujua nani ameshika nini, wakaamini usukani umekufa. Mwaka 2019 jeshi la majini likatangaza kurudisha mikono ya kushika kwa mwendo wa meli za aina hiyo. Mabaharia walipoulizwa, ndicho walichokitaka.

Sisemi skrini ni mbaya. Airbus A350 inaweza kuwekewa skrini za kugusa, na zinafaa kwa kazi za kukaa na kusoma: chati, hesabu za uzito, mpango wa safari. Kazi hizo unazifanya ukiwa umetulia. Mkono wa magurudumu hata humo haujaguswa. Kinachonikera kwenye magari ni kwamba skrini haikuwekwa kwa sababu imeonekana bora kwa dereva. Iliwekwa kwa sababu skrini moja na programu ni nafuu kuliko swichi ishirini, kila moja na waya wake, kibao chake, taa yake ndogo na mtu wa kuipima. Najua gharama hizo. Nimezilipa kwa mshahara wa mwalimu, na kila swichi niliyoongeza niliifikiria mara mbili, jambo ambalo nadhani ndilo lililofanya paneli iwe na swichi zinazohitajika tu. Anayeongeza kitufe kwenye skrini haimgharimu kitu, kwa hiyo anaongeza.

Mzee alifariki kabla sijamaliza sehemu ya injini. Simyuleta bado ipo, inatumika zaidi na klabu ya sayansi ya shule kuliko na mimi, na yule msichana aliyeuliza swali la herufi sasa ana mashine yake ya leza Mbagala. Anatengeneza vibao na mihuri, maana ndivyo vinavyolipa kodi. Mwaka jana alinipigia simu. Alikuwa na mteja, nahodha wa boti inayokwenda Mafia kutoka Nyamisati, aliyetaka paneli ya swichi yenye maandishi ya kuwaka: taa za njiani, redio, pampu ya maji ya ndani. Alitaka ushauri wangu kuhusu rangi ya taa. Tulikwenda wote kumsikiliza.

Nahodha aliangalia sampuli tulizompelekea, akachagua ile hafifu kuliko zote, akauliza kama inaweza kupunguzwa zaidi ya hapo. Kuhusu maandishi hakujali sana. Kiswahili au Kiingereza, alisema, sawa tu, vijana wake wanajua. Alichobishania kwa zaidi ya saa nzima ni swichi ya pampu. Hakutaka ifanane na nyingine. Alitaka iwe mbali, chini kulia, iwe kubwa, na iwe na kichwa ambacho mtu aliyelowa, amepiga magoti, boti imelala upande, ataijua kwa kiganja. Yule binti alimwonyesha vichwa vya plastiki vya rangi nyekundu. Nahodha akavirudisha, akainuka, akaenda nyuma ya boti na kuja na kipande cha mti kilichochongwa, kimekuwa laini kwa kushikwa, kikiwa na kijitundu cha skrubu.

"Pachika hiki," akasema. "Ndicho kilichokuwa kwenye boti ya kwanza."

Tulipima kijitundu. Kilikuwa cha milimita sita, na swichi yetu ilikuwa na shina la milimita tano, kwa hiyo ilibidi yule binti atafute bomba dogo la shaba la kujazia.